Mfalme na Kigita cha Vibarua

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa isimu aliniuliza iwapo neno ukulele lina udugu na kelele. Darasa zima likaangua kicheko. Nilimjibu kwamba hapana. Neno hilo ni la Kihawaii na, kwa fasiri iliyozoeleka, maana yake ni kiroboto arukaye. Hata hivyo, swali hilo lilinikumbusha Mfalme David Kalākaua.

Kalākaua alizaliwa Honolulu mwaka wa 1836. Alipochaguliwa kuwa mfalme mwaka wa 1874, watu wake walikuwa wamepungua mno kwa maradhi yaliyoletwa na wageni, na hula, ngoma yao ya jadi, ilikuwa imepigwa vita na wamishenari kwa miongo kadhaa. Yeye aliirejesha hadharani, ikachezwa mchana kweupe katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka wa 1883.

Mwaka wa 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na vibarua wa mashamba ya miwa kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kutokana na kigita cha kwao chenye nyuzi nne, wakaunda ukulele. Mfalme angaliweza kukibeza chombo cha vibarua. Badala yake alikipenda, akakipiga mwenyewe na kukikaribisha katika hafla za ikulu.

Mwaka wa 1887 alishurutishwa kutia sahihi katiba iliyompokonya mamlaka. Alifariki San Francisco mwaka wa 1891. Dada yake, Liliʻuokalani, alipinduliwa mwaka wa 1893. Mwaka wa 1896 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na miaka miwili baadaye Marekani ikavitwaa visiwa hivyo.

Ukulele nayo ikavuma. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka wa 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa kuinunua. Ikafifia, ikafufuliwa na televisheni katika miaka ya 1950, ikafunikwa na gita la umeme, kisha ikarudi tena kwa sauti ya Israel Kamakawiwoʻole na baadaye kwa intaneti.

Lakini kizazi baada ya kizazi, huku dunia ikishangilia chombo hicho, lugha iliyokipa jina ilikuwa ikikata roho. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo wazazi na walimu walipoanza kuifundishia watoto wadogo tena.

Nami nilipokuwa mtoto niliwahi kuvikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni. Kalākaua alipokea cha wageni bila kukitupa cha kwao. Mwalimu mwenzangu, ikiwa kibao hicho bado kimo katika dawati lako, kichome leo.