Robeson, Kenyatta na wimbo uliobadilishwa maneno

Kila mwaka msimu wa tamasha za drama unapokaribia, walimu wa shule za Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil hukabiliwa na swali lile lile: nafasi kuu katika mchezo apewe nani? Yuko mwanafunzi ajuaye kuigiza lakini sauti yake haivumi, na yuko yule ambaye shule nzima humshangilia kwa uimbaji wake ingawa bado hajajua kusimama jukwaani. Aghalabu mwimbaji ndiye hupewa, kwa kuwa jina lake tayari linavuta watu. Watengenezaji wa filamu wa Hollywood na London wamelitenda jambo hili tangu filamu zilipoanza kutoa sauti. Mchezo wenye nyimbo ukishapendwa jukwaani na kupelekwa kwenye filamu, hutafutwa mwimbaji mwenye sifa ili ukumbi ujae. Watu hubishana kama mwimbaji huyo anaweza kuigiza, na kama tiketi zitauzwa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza huyo mwimbaji atatiwa maneno gani kinywani.

Paul Robeson aliuliza, tena baada ya kulipia ujinga wake wa mwanzo. Sisi wakazi wa Bonde la Ufa tuna sababu ya ziada ya kumjua Mmarekani huyu, maana mmoja wa watu waliosimama pamoja naye mbele ya kamera mwaka 1934 ndiye aliyekuja kuwa mwenyeji wa Ikulu ya Nakuru.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Babake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hata akawa mhubiri wa kanisa la Kipresbiteri. Mamake, Maria Louisa, alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, mtoto akiwa hajatimiza miaka 6. Mzee huyo aliyewahi kuwa mali ya mtu ndiye aliyemzoeza mwanawe kutamka kila neno kwa ukamilifu na kukariri hotuba ndefu. Naamini mafunzo yale ya sebuleni yalimfaa kuliko chuo chochote alichopitia baadaye.

Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, ambako wanafunzi weusi walikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Yeye alikuwa wa tatu kuingia. Alipojitokeza kuchezea timu ya kandanda ya Kimarekani, wenziwe walimvunja pua katika mazoezi ya kwanza. Alirudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 aliteuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 akahitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kuhutubu kwa niaba ya darasa lake. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia hadi mwaka 1923, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili, akaiacha baada ya muda mfupi. Karani mzungu alikataa kuandika maneno yaliyotoka katika kinywa cha mtu mweusi. Hapo ndipo uwakili ulipompoteza, na jukwaa likampata. Mkewe, Eslanda Goode, ambaye walioana mwaka 1921, alikuwa na mkono mkubwa katika uamuzi huo.

Umaarufu ulikuja upesi. Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill jijini New York. Aprili 1925, akisindikizwa kwa piano na Lawrence Brown, alitoa tamasha la nyimbo za kiroho za watumwa peke yake. Jerome Kern na Oscar Hammerstein walipokuwa wakitunga mchezo wenye nyimbo kutokana na riwaya ya Edna Ferber ya mwaka 1926, Show Boat, walimwandikia Robeson nafasi ya Joe, mchukuzi wa mizigo katika gati za mto Mississippi. Mambo yalichelewa, na mchezo ulipofunguliwa Desemba 1927 nafasi ile ilichukuliwa na Jules Bledsoe. Robeson aliishika mwaka 1928 mjini London, katika ukumbi wa Drury Lane, kisha tena New York mwaka 1932. Alipoimba wimbo wa mto ule, Ol' Man River, nafasi ndogo ilimeza zile kubwa.

Filamu ya kwanza ya hadithi hiyo, ya mwaka 1929, ilimpa Joe mchekeshaji Stepin Fetchit, ambaye kazi yake katika filamu ilikuwa kuwaonyesha watu weusi kama wavivu na wazito wa akili. Filamu ya mwaka 1936, iliyoelekezwa na James Whale, ilimrudia Robeson. Katika wimbo ule kamera inamzunguka mwimbaji aliyeketi, kisha tunamwona Joe akiinama chini ya robota la pamba, na tena akiwa gerezani. Mwelekezi alielewa kuwa sauti ile ilikuwa na historia ndani yake. Hata hivyo filamu hiyo hiyo inamwongezea Joe wimbo mwingine, pamoja na Hattie McDaniel, ambamo uvivu wake ndio mzaha wenyewe. Kwa hiyo katika filamu moja tunaye Robeson mkubwa, na kando yake yule Joe mdogo aliyeandikiwa. Baadhi ya waandishi weusi wa Marekani walikuwa wamemlaumu tangu mwaka 1928 kwa kuikubali nafasi hiyo. Mimi nadhani lawama yao ilikuwa ya haki, ingawa waliitoa kabla hawajajua mtu huyu angeufanyia nini wimbo ule.

Kabla ya kufika huko, turudi London mwaka 1934. Robeson alijiandikisha katika Chuo cha Taaluma za Mashariki, ambacho mwaka 1938 kiliongezewa Afrika katika jina lake, akasoma fonetiki na Kiswahili, na kuzigusa lugha nyingine za Kiafrika. Yafaa tukumbuke miaka yenyewe. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930, na Kiswahili sanifu kwa misingi ya Kiunguja kilikuwa bado kinachongwa. Mwimbaji mwenye uwezo wa kujaza kumbi za Ulaya aliketi darasani kujifunza ngeli za nomino. Wasifu wa watu mashuhuri hupenda kudai kuwa alijua lugha zaidi ya 20. Mwanaisimu hulisikia dai la namna hiyo na kutabasamu, maana kuimba katika lugha si kuijua. Lakini nia yake haikuwa ya maonyesho. Aliamini kwamba mtu mweusi wa Marekani aliyeambiwa hana utamaduni angeukuta utamaduni huo katika lugha za Afrika. Nasi huku kwetu, kwa miaka mingi, mtoto aliyesikika shuleni akisema lugha ya mamake alivishwa kibao shingoni kama mhalifu.

Katika jiji hilo hilo alikuwako Mkenya aliyeitwa wakati huo Johnstone Kenyatta. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha London akiwasaidia wanafonetiki, hususan Lilias Armstrong, aliyechunguza matamshi na toni za Kikuyu. Kitabu cha bibi huyo kilitoka mwaka 1940, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, na sauti iliyopimwa ndani yake ni ya Kenyatta. Wanafunzi wa isimu husoma kuhusu toni za Kikuyu bila kufahamu kwamba masikio ya wataalamu yalijifunza kwa kinywa cha rais wa kwanza wa nchi yao.

Maskani yao mengine yalikuwa studio ya filamu. Alexander Korda na nduguye Zoltan walikuwa wakitengeneza Sanders of the River, kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Walikuwa wamepiga picha na kurekodi nyimbo Afrika, na Robeson alipoziona na kuzisikia aliamini kuwa hatimaye filamu itamwonyesha Mwafrika kwa heshima yake. Akakubali kuwa Bosambo, chifu rafiki wa serikali. Kwa ajili ya umati walikusanywa watu weusi wa London na wa bandari ya Cardiff, na miongoni mwao Kenyatta alipata nafasi ndogo ya kuwa chifu.

Filamu ilipotoka mwaka 1935 ikawa ni sifa tupu kwa afisa wa kikoloni mwenye kiko, anayewatuliza Waafrika kama watoto watukutu. Picha halisi za ngoma na mitumbwi zilikuwa zimeshonwa katika kitambaa cha ukoloni, na nyimbo alizoimba Robeson zilitungwa na Mischa Spoliansky, mtunzi wa Ulaya. Robeson aliikana filamu hiyo na hakuacha kuikana maishani mwake. Sauti yake haikuwa na kosa, wala uigizaji wake. Aliajiriwa kwa ajili ya jina lake, kisha jina hilo likatumiwa kuuza ujumbe asiouamini, naye hakuwa na mamlaka yoyote juu ya filamu ilivyounganishwa.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1930, wakati alipokuwa akiwaimbia wapinzani wa ufashisti nchini Hispania, Robeson alianza kuubadilisha wimbo wa Joe katika tamasha zake. Tuni hakuigusa. Aliliondoa jina la dharau lililotumiwa kwa watu weusi, na pale ambapo msemaji alikiri kuchoka na kuogopa kufa, akaweka nia ya kuendelea kupigana hadi mwisho wa uhai. Kwa hesabu ya isimu ni vitenzi vichache na nomino moja au mbili. Lakini nafsi ya kwanza katika wimbo, ile iliyokuwa ikitendewa, ikageuka kuwa mtendaji. Kuna watakaosema kwamba mwimbaji hana haki ya kuchezea kazi ya mtunzi, na mimi kwa kawaida huwa upande wao. Hapa nasita, kwa kuwa mtunzi alizungumza kwa niaba ya watu asiokuwa mmoja wao, na mmoja wao akamsahihisha.

Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, aliachana na Hollywood. Jukwaani alivuma zaidi: Othello yake jijini New York, iliyofunguliwa Oktoba 1943, iliendelea kwa maonyesho 296, na hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imedumu hivyo Broadway. Pia alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Mambo ya Afrika, lililotetea uhuru wa makoloni. Vita baridi vilipopamba moto, mambo yalimgeukia. Mwaka 1949 wahuni waliwashambulia kwa mawe waliohudhuria tamasha lake karibu na Peekskill, na mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa mbele yake. Mwaka 1952 aliimba akiwa juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada, wasikilizaji wakiwa pande zote mbili.

Oktoba mwaka huo huo Kenyatta alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa miaka 7. Baraza la Robeson lilipaza sauti kutoka Harlem kuwatetea wafungwa wa Kenya. Mmoja wa wale waigizaji wawili alifungiwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Bonde la Ufa, na mwingine akafungiwa ndani ya nchi yake mwenyewe.

Lawama moja haimwachi Robeson, wala haifai tumfichie. Alivutiwa na Urusi ya Kisovieti kwa kuwa ndiko alikosema alijihisi binadamu kamili, akapokea tuzo iliyoitwa kwa jina la Stalin, na hakusema hadharani juu ya watu waliouawa na utawala ule, hata marafiki zake mwenyewe walipokuwa miongoni mwao. Mtu aliyejua kusahihisha wimbo wa wengine alishindwa kusahihisha huo wa kwake.

Pasipoti ilirejeshwa mwaka 1958 kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Alisafiri, akaimba, akacheza Othello kule Stratford mwaka 1959. Mwaka 1961 afya yake ya akili na mwili ilivunjika akiwa Moscow. Alirudi kwao Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru. Miezi minne kabla yake, tarehe 12 Agosti, Kenyatta alikuwa amesimama mjini Nakuru mbele ya walowezi wenye mashamba na kuwasihi wasihofu, kwa kuwa yaliyopita yatasamehewa. Baadaye, akiwa rais, alipenda kukaa Ikulu ya Nakuru na kutazama vikundi vya ngoma na kwaya za shule. Safari hii wachezaji walikuwa mbele yake, naye ndiye aliyeketi.

Robeson hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Afrika aliyoikanyaga ni Misri, kwa ajili ya filamu. Eslanda ndiye aliyefika Uganda pamoja na mwana wao mwaka 1936, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Eslanda alifariki mwaka 1965, naye Robeson tarehe 23 Januari 1976 mjini Philadelphia, akiwa na miaka 77. Mazishi yalifanyika Harlem, katika kanisa ambalo nduguye Benjamin aliwahi kuwa mchungaji wake.

Show Boat ya mwaka 1936 iliwekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu kampuni ya MGM ilitaka kutengeneza yake, iliyotoka mwaka 1951. Siku hizi inapatikana, na rekodi za tamasha za Robeson pia zinapatikana. Mwalimu wa fasihi au wa Kiingereza anaweza kuzichukua zote mbili, akawasikilizisha wanafunzi wimbo ule kwanza kama ulivyoimbwa kwenye filamu, kisha kama ulivyoimbwa miaka kumi baadaye, na kuwaagiza waorodheshe vitenzi vilivyobadilika. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha.