Monsinyori Joseph Sak, Baba wa Shule Zetu

Mgeni apitaye Sakania huona reli, huona kanisa, huona na watoto wakienda shuleni asubuhi. Labda adhani mambo hayo yalikuwapo tangu kale. Sivyo. Reli ilifika Sakania mwaka 1909 ikitoka kusini, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Shule za misioni yetu zilikuja nyuma ya reli, na aliyewaongoza wale waliozileta ni padri wa Ubelgiji, jina lake Joseph Sak.

Padri Sak alikuwa mtawa wa shirika la Wasalesiani. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1859 na Mtakatifu Yohane Bosco, katika mji wa Turin, Italia. Don Bosco aliwaona vijana maskini wakizurura mjini bila kazi wala mafundisho, akawahurumia. Aliwafundisha sala, kusoma na kazi za mikono, vyote pamoja. Tena hakutaka kijana aongozwe kwa fimbo, bali kwa akili, dini na upole. Hayo ndiyo Padri Sak aliyokuja nayo Katanga.

Tarehe 10 Novemba 1911 alifika Elisabethville pamoja na wenzake, wote Wasalesiani 6, yeye akiwa mkubwa wao. Mji ulikuwa mchanga. Vijana wengi walikuwa wameacha vijiji vyao kutafuta mshahara katika kazi ya shaba, wala hapakuwa na mzazi wa kuwaonya. Mwaka 1912 mapadri wakaanza shule mbili. Ya kwanza iliitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales, nayo ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Ya pili ilikuwa ya vijana Waafrika, wajifunze ufundi: useremala, uhunzi, ushonaji. Baadaye kazi ya shule hiyo ya ufundi ilihamia Kafubu, nje ya mji.

Hapa yatupasa kusema kweli. Mbele ya Mungu watoto wote ni sawa, lakini serikali ya kikoloni iliwatenga kwa rangi, na shule za misioni zilifuata utaratibu huo. Padri Sak hakuuvunja ukuta ule. Lakini kijana aliyejua kupima ubao na kusoma kitabu alikuwa na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya. Mbegu ilikwisha kupandwa.

Mwaka 1914 vita kuu ilianza, na Ubelgiji ikashikwa na Wajerumani. Nyumbani kwao mapadri palikuwa na taabu, na msaada ulikuwa haba. Mtu mwingine angengoja amani kwanza. Wao hawakungoja: mwaka 1915 walianza misioni ya Kiniama, mbali na mji, na huko wakafundisha kilimo pamoja na katekismu. Hivyo shule iliwafuata watu vijijini, kwa Walamba, Walala na Waushi. Katika vijiji vingi mwalimu na katekista walikuwa mtu mmoja: asubuhi alifundisha herufi, jioni akafundisha sala.

Mwaka 1925 Baba Mtakatifu Pius XI aliifanya nchi hii kuwa Prefektura ya Kitume, akamweka Padri Sak kuiongoza. Mwaka 1926 Masista Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo walifika Sakania, na wasichana nao wakapata walimu wao. Mwaka 1939 Prefektura ikawa Vikarieti, na mwaka 1940 Monsinyori Sak akapewa daraja ya uaskofu. Alifariki mwezi wa Machi 1946, baada ya miaka zaidi ya 34 tangu siku ile aliyofika.

Hakuyaona matunda yote. Sakania ikawa Jimbo mwaka 1959, naye hayupo. Ile shule ya watoto wa Wazungu leo inaitwa Imara, na watoto wa Kikongo ndio wanaokaa madarasani mwake. Ukuta ulianguka, shule ikabaki.

Ninyi wakatekumeni, fikirini habari hizi. Wako wanaotaka ubatizo, lakini hawataki kujifunza: wasema sala inatosha. Wako na wanaotaka shule tu: wakipata cheti, njia ya kanisa wanaisahau. Tena wako wanaoona haya kushika jembe au randa kwa kuwa wamejua kusoma. Monsinyori Sak hakuvitenganisha vitu hivyo vitatu. Magoti ya kupiga, kitabu cha kusoma na kazi ya mikono, vyote ni vya mtu mmoja, na mtu huyo ni wa Mungu.

Basi tumwombee raha ya milele. Na wewe uliye na mtoto nyumbani, kesho usimzuie kwenda shuleni kwa ajili ya kulinda shamba. Ndege watakula mtama wa mwaka mmoja, lakini mtoto asiyefundishwa ni hasara ya maisha yote.