Karume na eka tatu: Mkulima alipata shamba, bei ikabaki serikalini

UKIPITA vijiji vya Pemba msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa hadi ukingoni mwa barabara, ukauliza shamba fulani ni la nani, huenda ukajibiwa kwa maneno mawili tu: eka tatu. Jibu hilo limeanza enzi za Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar.

Karume alizaliwa mwaka 1905. Darasani hakukaa sana, akawa baharia wa meli za mizigo. Aliporudi Unguja aliongoza chama cha wenye mashua za injini waliokuwa wakivusha abiria kutoka melini hadi pwani. Mfanyabiashara mdogo ataelewa maana yake: mwenye mashua moja hupangiwa bei, lakini wakiwa wengi nao wana la kusema.

Mwaka 1957 akawa kiongozi wa Afro-Shirazi Party, na baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 akashika nchi. Machi 8 mwaka huo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Novemba 11, 1965, huko Dole, Unguja, akaanza kugawa mashamba, kila familia eka tatu. Ugawaji uliendelea hadi mwaka 1974, na familia zaidi ya 20,000 zilipata.

Kwa nini eka tatu zilikuwa jambo kubwa? Kabla ya hapo, maskini asiye na ardhi aliruhusiwa kulima muhogo chini ya miti ya mwenye shamba, lakini si kupanda mkarafuu wala mnazi. Kwa desturi ya visiwani, mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Kwa hiyo mtu alivuna chakula cha msimu tu, na mali ya kumwachia mtoto hakuwa nayo. Siasa zilipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 1950, wengine walifukuzwa hata na muhogo wao ukiwa shambani.

Pemba ilikuwa na hali yake. Wakulima wengi tayari walikuwa na mikarafuu yao, michache lakini yao. Wapo waliopata eka na wapo walionyang'anywa, na habari hiyo husimuliwa tofauti kutegemea umekaa baraza la nani.

Tatizo lilikuwa sokoni. Karafuu ziliuzwa kwa serikali peke yake, na mwaka 1968 kazi hiyo ikapewa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Indonesia ilikuwa ikinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, fedha za kigeni zikaingia, lakini mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Serikali ilijenga nyumba, ikasomesha na kutibu bure. Hayo yana thamani yake. Hata hivyo mwenye mikarafuu hakuwa na akiba ya kununulia miche wala kulipa wachumaji, na magendo ya kwenda pwani ya Kenya yakashamiri licha ya adhabu kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji wa chakula kama mchele ulibanwa ili watu wajilishe wenyewe. Wapemba wenye umri huo hawajasahau foleni wala njaa.

Eka zenyewe hazikuruhusiwa kuuzwa. Kwa maoni yetu hilo lilimlinda maskini asiuze shamba kwa shida ya siku moja, ingawa pia lilimnyima dhamana ya kupata mkopo.

Karume aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972, Kisiwandui mjini Unguja. Sheria ya umiliki wa ardhi ilipopitishwa mwaka 1992, eka ziliendelea kuwa za serikali, mkulima akiwa na haki ya kuzitumia na kuzirithisha. Ahadi ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya karafuu katika soko la dunia ilitolewa mwaka 2011, miaka 39 baada ya kifo chake.