Bob Bemer

Robert William Bemer (8 Februari 1920 – 22 Juni 2004), aliyejulikana zaidi kama Bob Bemer, alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa kwa mchango wake katika ASCII, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa namba ndani ya kompyuta.

Maisha

Bemer alizaliwa Sault Ste. Marie, katika jimbo la Michigan. Alisoma hisabati katika Chuo cha Albion na kuhitimu mwaka 1940. Mwaka 1955 alijiunga na kampuni ya IBM. Baadaye alifanya kazi Univac, Bull ya Ufaransa, General Electric na Honeywell.

Kazi

Miaka ya 1950 kila kampuni ilitumia mfumo wake wa herufi. Bemer alikusanya mifumo hiyo na kukuta imezidi 60. Kwa sababu hiyo maandishi ya mashine moja hayakuweza kusomwa na nyingine, naye akawa mmoja wa waliodai mfumo mmoja kwa wote. ASCII ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1963.

Alipendekeza pia alama ya eskepu, ambayo leo ina kitufe chake cha Esc. Alama hiyo huiambia mashine kwamba herufi zinazofuata zisisomwe kwa maana yake ya kawaida. Vilevile aliingiza mkwaju unaoelekea nyuma (\), ili lugha ya ALGOL iweze kuandika "na" kama /\ na "au" kama \/.

Matumizi ya baadaye

Watu wengine, hasa waundaji wa mfumo wa Unix, waliupa mkwaju huo kazi ya eskepu. Hutumika sana katika ruwaza za kutafuta na kubadilisha maandishi, ziitwazo rejeksi. Kwa mfano, katika programu ya sed, alama & ikiwa upande wa maandishi mapya humaanisha neno lote lililopatikana. Hivyo amri s/na/&/ huyaacha maneno "Juma na Asha" kama yalivyokuwa, kwa kuwa "na" hubadilishwa kwa "na" ileile. Ili kupata "Juma & Asha" ni lazima kuandika s/na/\&/. Mkwaju wenyewe ukihitajika, huandikwa mara mbili.

Onyo kuhusu mwaka 2000

Mwaka 1971 Bemer alichapisha onyo kwamba kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu kungeleta matatizo karne itakapobadilika. Wachache walimsikiliza wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali na makampuni yalilazimika kutumia fedha nyingi kurekebisha programu zao.

Bemer alifariki kwa saratani nyumbani kwake, karibu na ziwa Possum Kingdom, Texas, akiwa na umri wa miaka 84.