Joseph Kekuku na Gita Lililolia

Utotoni mwangu, njia ya kutoka chuoni ilipita nyuma ya nyumba ya fundi mmoja wa cherehani aliyekuwa na redio kubwa ya mbao. Jioni moja, nikiwa na juzuu yangu kifuani, nikasikia mtu analia ndani ya redio ile. Sikusikia maneno, nilisikia kilio. Sauti ilianza chini, ikapanda polepole bila ya kukanyaga ngazi, ikafika juu ikatetemeka, kisha ikashuka kama kishada kilichokatika uzi. Nikasimama pale mpaka fundi akanitoa ushamba: yule si mtu, akaniambia, ni gita, na nyimbo zile ni za wachunga ng'ombe wa Marekani. Sikumsadiki. Gita nalilijua, na gita nililolijua mimi lilikuwa likidonoa kama kuku, halikuwa likilia.

Miaka mingi ilipita ndipo nikajua kwamba fundi alisema nusu ya kweli. Gita lilikuwa gita, lakini kilio kile hakikuzaliwa kwa wachunga ng'ombe. Kilizaliwa kisiwani, kwa watu wa mitumbwi na samaki kama sisi, na aliyekizaa aliitwa Joseph Kekuku. Habari zake ndizo ninazotaka kukusimulia leo, ndugu msomaji, kwa kuwa sauti yake imeizunguka dunia nzima na jina lake limebaki nyuma.

Kekuku alizaliwa tarehe 29 Desemba 1874 katika kijiji cha Laie, kwenye kisiwa cha Oahu, mojawapo wa visiwa vya Hawaii katika bahari ya Pasifiki. Zama zile Hawaii ilikuwa dola yenye mfalme wake na bendera yake. Gita halikuwa ala ya asili kwao. Katika miaka ya 1830 waliletwa wachunga ng'ombe kutoka Mexico, nao wakaja na magita yao. Na mwaka 1879 wakaja Wareno wa kisiwa cha Madeira kufanya kazi katika mashamba ya miwa, wakaja na kigita kidogo ambacho Wahawaii walikigeuza wakakiita ukulele. (Sisi Wareno walituachia ngome na mizinga. Wenzetu waliachiwa kigita. Kila mja na bahati yake.)

Lakini Wahawaii hawakulichukua gita vile vile lilivyokuja. Walizilegeza nyuzi zake mpaka zikawa, hata zikipigwa wazi zote pamoja bila ya kidole kubana hata mmoja, zinatoa sauti zinazosikilizana. Likumbuke jambo hili, maana bila yake Kekuku asingalifika popote.

Kijana huyu alipelekwa Honolulu kusoma katika shule ya wavulana ya Kamehameha, iliyofunguliwa mwaka 1887. Huko ndiko kisa kilikotokea, na kama ilivyo ada ya visa vyema, kina mapokezi zaidi ya moja. Wako wanaosema alikuwa akitembea kando ya njia ya reli na gita lake, akaokota msumari mkubwa wa chuma, ukagusa nyuzi ukatoa sauti asiyoijua. Wako wanaosema kilikuwa kitana kilichomponyoka mkononi kikaangukia nyuzi. Mwaka unaotajwa sana ni 1889, naye hajatimiza miaka 15.

Mimi sishughulishwi sana na msumari wala kitana. Vitu huanguka kila siku. Kinachonishughulisha ni alilolifanya baada ya hapo. Mwenyewe alieleza kwamba ilimchukua miaka 7 kuimiliki namna yake ya kupiga. Alijaribu kitana, akajaribu mgongo wa kisu, hatimaye akaenda katika karakana ya shule akajitengenezea kipande cha chuma laini cha kushikika mkononi. Akatia nyuzi za chuma badala ya zile za utumbo wa mnyama, maana za utumbo hazidumishi sauti. Akaziinua nyuzi juu zaidi ya shingo ya gita ili chuma chake kisigonge mbao. Akalilaza gita mapajani, uso juu.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwa asiyepata kuliona gita hili likipigwa. Gita la kawaida lina vijiti vya chuma vilivyopigwa shingoni kama vidato vya ngazi. Kidole hubana uzi kati ya vijiti hivyo, na sauti huruka kutoka kidato hadi kidato. Katikati hapana kitu. Gita la Kekuku halibanwi. Mkono wa kushoto hukishika kile chuma na kukiteleza juu ya nyuzi kwa wepesi, kikigusa bila kukandamiza, na sauti hupita kila mahali baina ya kidato na kidato. Vijiti vimebaki kuwa alama za macho tu. Chuma kikikaa sawasawa juu ya alama, sauti ni safi. Kikikosea kwa unene wa ukucha, sauti ni chungu na kila aliyeko barazani anajua. Mpigaji hukitikisa chuma kidogo kidogo ili sauti itetemeke kama koo la mwimbaji, na vidole vilivyo nyuma ya chuma huburura juu ya nyuzi kuzuia mlio wa mikwaruzo. Mkono wa kulia huvishwa vikucha vya kudonolea, na kiganja chake kina kazi ambayo msikilizaji haioni: kuzinyamazisha nyuzi zilizokwisha kazi, maana uzi usionyamazishwa huendelea kusema wakati wenzake wamekwisha kuhamia neno jingine.

Masikio ya pwani hayana haja ya kufundishwa haya. Udi hauna vijiti shingoni, wala fidla haina, na ndiyo maana taarabu huweza kukuchoma moyo mahali ambapo piano haifiki. Na ganuni, aliyepata kuiona Unguja anajua, hulazwa vile vile mbele ya mpigaji, na vidole vyake huvikwa vikucha. Kekuku hakuijua ganuni, lakini nadhani angeketi mbele yake akatabasamu.

Wapo waliodai, wakati wa uhai wake na baadaye, kwamba yeye hakuwa wa kwanza. Jina linalotajwa mara nyingi ni la Gabriel Davion, mtu aliyesemekana kuzaliwa India akachukuliwa na nahodha wa meli mpaka akafika Hawaii, na wanamuziki wa huko walisimulia kwamba walimsikia akitelezesha kitu juu ya nyuzi katika miaka ya 1880, kabla ya Kekuku. Yawezekana. India nako zipo ala za nyuzi zinazopigwa kwa kutelezesha, na bahari huchukua mengi. Lakini mimi nasimama na Kekuku, na sababu yangu ni ya kishairi. Neno zuri humtoka kila mtu siku moja. Mtunzi ni yule alitiaye vina na mizani akalifundisha wengine hadi likawa bahari ya ushairi. Waliotelezesha kabla yake walitelezesha. Yeye alitoa chuma, nyuzi, mkao na mafunzo, na waliopiga baada yake walipiga kwa njia yake.

Nami nina uchungu wangu hapa, sitauficha. Niliwahi kuketi arusini nikasikia beti zangu mwenyewe zikiimbwa, na ule ubeti wa tamati wenye jina langu umekatwa. Nilipouliza nikaambiwa ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. Nilikuwa hai, nimeketi jamvini, pilau iko mbele yangu.

Kekuku alikuwa na miaka 18 nchi yake ilipopinduliwa. Mnamo Januari 1893 wafanyabiashara na wenye mashamba ya sukari, askari wa manowari ya Marekani wakiwa wamekwisha kuteremshwa nchi kavu, walimwondoa katika kiti Malkia Liliuokalani, ambaye naye alikuwa mtunzi mkubwa wa nyimbo. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa rasmi. Muziki wa Hawaii ukaanza kutoka nje wakati ule ule ambapo Hawaii yenyewe ilikuwa inaingia mikononi mwa wengine.

Mwaka 1904 Kekuku alipanda meli kwenda Marekani. Alikuwa karibu na miaka 30, na hakurudi tena kwao. Alipiga katika majumba ya michezo kutoka pwani moja ya nchi ile hadi ya pili, na alikopita alifundisha. Huku nyuma ikawapo tamthilia iitwayo The Bird of Paradise, yenye mapenzi ya Kihawaii kama Wamarekani walivyoyawaza, na wapigaji wa magita ya kulaza wakiwa jukwaani. Mwaka 1915 San Francisco ikafanya maonyesho makubwa ya dunia, na katika banda la Hawaii watu wakapigana vikumbo kusikiliza. Wamarekani wakashikwa na wazimu wa muziki ule, sahani za santuri zikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1919 Kekuku akaenda Ulaya na tamthilia hiyo hiyo, akazunguka huko miaka 8. Aliporudi Marekani alifungua darasa Chicago, kisha akahamia Dover, mji mdogo wa jimbo la New Jersey, akifundisha gita na ukulele. Huko kiharusi kikamwondoa tarehe 16 Januari 1932, akiwa na umri wa miaka 57.

Mwaka huo huo, kule Los Angeles, liliingizwa sokoni gita la kwanza la umeme lililopata wanunuzi. Ndugu msomaji, lilikuwa gita la aina gani? Lilikuwa gita la kulaza mapajani, la Kihawaii, duara tumboni na refu shingoni hata watu wakalipa jina la kikaango. Chini ya nyuzi palitiwa sumaku iliyozungushiwa waya, nazo sauti zikapelekwa kwenye kikuza sauti. Magita yote ya umeme yaliyokuja baadaye, hata haya yanayopigwa na bendi zetu, yametanguliwa na lile la mapajani. Kekuku hakuwahi kulisikia likivuma.

Wachunga ng'ombe wa fundi wangu waliingia vipi basi? Jimmie Rodgers, baba wa nyimbo zile, alirekodi mwaka 1929 na mpigaji Mhawaii, Joe Kaipo. Naye Rodgers si mgeni kabisa katika nchi yetu: sahani zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa huko wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakimwaza kuwa nusu mtu nusu paa.

Kisha zikaja pedali. Chuma cha Kekuku kina upungufu mmoja: kikisogea, nyuzi zote husogea pamoja, kama jahazi na abiria wake. Mafundi wakaliwekea gita miguu kama meza, na chini yake pedali zilizoungwa na nyuzi kwa vyuma. Ukikanyaga, uzi fulani huvutwa ukapanda sauti na wenzake wakabaki walipo. Mwaka 1948 Paul Bigsby alimtengenezea Speedy West gita la namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1953 Bud Isaacs, katika wimbo Slowly wa Webb Pierce, akafanya lililokuwa halijazoeleka: alikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia, hata msikilizaji akausikia uzi mmoja ukiinuka na kuondoka katikati ya wenzake. Wapigaji wakakimbilia mafundi wao. Leo gita la kawaida la pedali lina nyuzi 10, pedali 3, na vijiti vya kusukumwa kwa magoti. Mguu wa kulia nao hukaa juu ya pedali ya kuongeza sauti, ukiifungua polepole baada ya uzi kudonolewa, hivyo kwamba mdono hausikiki na kilio chaja kana kwamba hakina mwanzo. Hicho ndicho kilichonisimamisha nyuma ya nyumba ya fundi.

Upande wa mashariki sauti ilikwenda kwa njia nyingine. Tau Moe, aliyezaliwa Samoa na kulelewa Laie, kijiji kile kile cha Kekuku, aliishi Calcutta katika miaka ya 1940 akipiga na kufundisha. Wahindi walilipokea gita hilo kama ndugu aliyepotea, wakalitia katika nyimbo za filamu. Wa rika langu walioingia sinema za Kihindi Mombasa wamelisikia mara nyingi, kila shujaa wa kike alipokuwa peke yake dirishani na mvua inanyesha. Tulikuwa tukifuta machozi bila ya kujua anayetuliza ni nani.

Hawaii kwenyewe vijana walikuwa wameanza kuliacha. Katika miaka ya 1970 mwanzoni, Jerry Byrd, Mmarekani mzaliwa wa Ohio aliyekuwa bingwa wa gita la chuma na aliyekataa katakata kuzikumbatia pedali, alihamia Honolulu akakaa chini na vijana wa visiwa vile kuwafundisha kuteleza kama walivyoteleza wazee wao. Mwaka 1993 jina la Kekuku likatiwa katika orodha ya heshima ya wapigaji wa gita la chuma, huko Marekani. Tau Moe alirudi Laie uzeeni, akafia huko mwaka 2004. Kaburi la Kekuku liko Dover, katika makaburi ya mtaa wa Orchard, ambako Januari huanguka theluji.