Ibn Battuta: kutoka Kilwa mpaka milango ya Constantinople

Kusimamishwa ku bariere, kupekuliwa, kuulizwa unatoka wapi na unaenda kwa nani: wakaaji wengi wa majimbo yetu wanajua hayo. Ibn Battuta aliyapitia karibu miaka 700 iliyopita.

Alizaliwa Tanger, nchini Maroko, mwaka wa 1304. Akiwa na miaka 21 aliaga wazazi, akaenda kuhiji Makka. Hakurudi. Mwaka wa 1331 alifika Mombasa na Kilwa, kwenye pwani ambako Kiswahili chetu kilitoka. Kisha akapanda kaskazini mpaka kwa Özbeg Khan, mfalme Mwislamu wa Wamongolia. Mmoja wa wake za mfalme, Bayalun, Mgiriki, alikuwa na mimba na alitaka kuzalia kwao Constantinople. Ibn Battuta akaomba amsindikize.

Mji huo, leo Istanbul, uko pale Ulaya na Asia zinatazamana. Maji ya Bosphorus tu ndiyo yanazitenga. Wakati ule ulikuwa mji wa Wakristo. Ku mlango wa jumba la kifalme walinzi wakakataza Waislamu kupita bila ruhusa. Sharti Bayalun amwambie baba yake ndipo wakafunguliwa.

Siku Ibn Battuta alipoitwa mbele ya kaisari Andronikos III, walimpekua kwanza, wakihofia kisu. Mkalimani alikuwa Myahudi kutoka Syria. Kaisari akamuuliza mambo mingi juu ya Yerusalemu na Bethlehemu, miji aliyoiona kwa macho. Akapendezwa, akampatia vazi la heshima, farasi na mtu wa kumtembeza mjini. Ku kanisa la Hagia Sophia hakuingia ndani, juu kila aliyeingia alipaswa kusujudia msalaba. Alishika dini yake, na hakuna aliyemgusa.

Bayalun akabaki kwao. Ibn Battuta akarudi na wenzake katika baridi kali, akaendelea mpaka India, alikokuwa kadhi, na China.

Safari ilimgharimu. Aliporudi Maroko mwaka wa 1349, mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa tauni, na baba alitangulia miaka mingi. Kwa amri ya sultani alisimulia yote, na Ibn Juzayy akaandika. Kitabu kikaisha mwaka wa 1355.

Mwaka wa 1453 Waturuki waliteka Constantinople, Hagia Sophia ikageuka msikiti. Lakini mji ule wa kaisari, sawa na Kilwa ya zamani, tunaujua pia kupitia macho ya mgeni aliyekubali kungoja mlangoni.