Tumpe Gary Kildall Haki Yake

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Usemi huu wamstahiki Gary Kildall, Mmarekani ambaye wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa porojo tu.

Alizaliwa Seattle mwaka wa 1942, katika ukoo uliomiliki shule ya ubaharia. Alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Washington mnamo 1972, na alifundisha katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California. Kampuni ya Intel ilipotoa mikroprosesa ya 4004 mnamo 1971, Kildall hakungojea mashine ijengwe. Aliandika programu iliyoifanya tarakilishi kubwa ya chuo iigize mikroprosesa hiyo, akafanyia kazi yake humo.

Mwaka wa 1974 aliunda CP/M, mfumo wa kuendeshea tarakilishi ndogo zenye disketi. Baadaye, yote yaliyotegemea mashine mahususi aliyatenga katika sehemu ndogo aliyoiita BIOS. Hivyo, mfumo ulipohamishiwa mashine nyingine, sehemu hiyo pekee ndiyo iliyobadilishwa.

Mnamo 1980 kampuni ya IBM ilimwendea. Porojo yadai kuwa alipoteza bahati kwa sababu alikuwa angani akirusha ndege kujiburudisha. La hasha! Alikuwa safarini kikazi. Mkewe, Dorothy, alisita kutia sahihi mkataba wa kutunza siri, na hatimaye maafikiano hayakupatikana. Microsoft ikanunua mfumo mwingine ulioigwa kwa CP/M, ikaupatia IBM. Mifumo yote miwili ilipouzwa, ule wa Microsoft uligharimu dola 40, na wa Kildall dola 240. Je, mnunuzi angechagua upi?

Kildall alifariki mwaka wa 1994, akiwa na umri wa miaka 52. Mashine za enzi yake zimechakaa, lakini CP/M ungali waendeshwa ndani ya programu zinazoigiza mashine hizo. Kazi iliyoanza kwa kuigiza sasa yahifadhiwa kwa kuigiza.

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, uendesheni mfumo huo. Mtaiona herufi A ikiwangoja. Andikeni DIR, orodha ya faili itatokea. Kisha fanyeni vivyo hivyo katika DOS ya kwanza ya IBM, mlinganishe. Mwanaisimu haihukumu lugha kwa kusimuliwa, huisikiliza ikisemwa. Nasi tusimhukumu mvumbuzi kwa uvumi, ilhali kazi yake ingali yanena.